Masika ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimekabidhiwa kundi la skauti la mtaa wetu, hapa Kariakoo, kwa muda wote ambao Bwana Shaibu atakuwa akiuguza macho. Ninaandika shajara hii kwa nia ya kujipima, kwa kuwa kiongozi asiyejiandikia hawezi kujua kama anapanda au anashuka. Nina shahada ya utawala wa umma na ninayo ari, na sioni sababu ya kundi hili kubaki lilivyo.

Lilivyo ni hivi. Tunakutana katika uwanja wa shule ya msingi uliozungukwa na maghorofa ya maduka, ambako kipaza sauti cha muuza mashuka huingia katikati ya kila amri ninayotoa. Sare hazilingani. Skafu zimechujuka hata hazijulikani zilikuwa za rangi gani. Viongozi wa vikosi, ambao ni wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, wana baraza lao, na Bwana Shaibu amelipa baraza hilo mamlaka yasiyo na kiasi.

Kundi hili lina desturi ambayo sijaisikia katika kundi lingine. Skauti popote walipo husalimiana kwa mkono wa kushoto. Hapa kwetu, ambako mtoto akikupa kushoto mama yake humkanya mbele za watu, Bwana Shaibu aliona mkono huo usitolewe ovyo. Mgeni, na hata kiongozi mpya, hupewa wa kulia, kwa adabu, kama anavyopewa mtu yeyote barabarani. Siku baraza likiridhika naye, ndipo vijana wote humpa wa kushoto.

"Lakini wewe si ndiye uliyeniteua?" nilimuuliza Bwana Shaibu aliponikabidhi filimbi.

"Mimi."

"Basi mkono wa kushoto ninaustahili."

Alicheka, jicho moja limefunikwa bandeji. "Uteuzi ninao, mwanangu. Mkono si wangu."

Vijana walipita mstarini, wote wakanipa wa kulia. Wa mwisho alikuwa msichana anayeitwa Chiku, kiongozi wa Kikosi cha Kongoni. "Karibu, Kaka Nasor," alisema. Nilimwelekeza kwamba tukiwa katika sare ninaitwa Kiongozi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Nimemsaidia Baba kufunika marobota ya vitambaa dukani.

Jumamosi, 12 Aprili

Habari kubwa. Bi Candida, mratibu wa makundi ya vijana, atatukagua tarehe 3 Mei. Anatafuta kijana wa kuongoza msafara wa kambi ya Arusha mwezi wa saba, na inasemekana aliyeongoza msafara uliopita sasa ana meza ofisini kwake. Sikumweleza mtu ila Baba, ambaye alisema, "Meza hata hapa dukani ipo," akaendelea kupima kitambaa.

Nimetangaza masharti mapya. Atakayechelewa atasimama nje ya mstari. Simu zote zitawekwa kapuni, na kapu litakuwa miguuni pangu hadi mwisho wa mazoezi.

"Kiongozi, simu yangu ikiibiwa humo kapuni nani anailipa?" aliuliza Rogath, kiongozi wa Kikosi cha Tai.

"Hiyo ya kwako? Mwizi mwenyewe atairudisha na nauli juu," Chiku alimjibu, na uwanja mzima ukacheka. Niliwaacha wacheke kidogo kisha nikapiga filimbi.

Wakati wa mapumziko niliwaona Kongoni wakifanya zoezi lisilomo katika ratiba. Wawili walifungamanisha viganja vikawa kiti, wa tatu akakaa juu yake, na wengine wakatangulia wakipima ardhi kwa fimbo kama watu wanaovuka maji. Nilimwita Chiku anieleze.

"Ni kwa ajili ya bibi yangu, Kiongozi. Tunakaa bondeni Jangwani, zile nyumba chache zilizobaki. Miguu yake haina nguvu. Mto ukianza kujaa, jirani yetu Mama Klara ananipigia, tunakwenda kumtoa mpaka barabarani."

"Kikosi kizima?"

"Peke yangu simuwezi. Mwaka jana tulimbeba hivi hivi. Alipiga vigelegele njia nzima, anasema anapelekwa harusini."

Nilimpongeza kwa moyo wa huduma, kisha nikamkumbusha kuwa mgeni wetu atakagua gwaride.

Alhamisi, 17 Aprili

Baba amenipa kitambaa cha kijani kwa ajili ya skafu mpya. Kinang'aa. Fundi cherehani wa barazani kwetu anazishona.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimezungukia nyumba za wazazi kuomba ridhaa kwa ajili ya siku ya ukaguzi, na ya mwisho ilikuwa kwa kina Chiku. Bibi Swaumu alikuwa ameketi kwenye kizingiti akichambua mchele, kando ya ngazi fupi ya saruji inayoshuka uani. Chiku, kwa utani, alimnyooshea mkono wa kushoto.

"Hebu toa hapa mkono wako wa chooni!" Bibi alimchapa kwa upepeo. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtoto wa Mwarabu wa vitambaa, wanakupa huo?"

"Bado, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bado? Basi wana akili."

Nilicheka pamoja nao, ingawa sikufurahi.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Tuliandamana kutoka shuleni hadi Mnazi Mmoja na kurudi, katika manyunyu, na hakuna hata mmoja aliyepoteza hatua. Wauza mitumba walisimama kutupigia makofi.

Tuliporudi, baraza lilijitenga nyuma ya choo cha walimu, ambako huwa ndiko ukumbi wao. Walipotoka walijipanga. Chiku alikuwa wa kwanza, na akanipa mkono wa kushoto.

"Tumekaa, tumekubaliana," alisema. "Unatugombeza sana, Kiongozi. Lakini kila siku tunakukuta umeshafika."

Nilipokea mikono yote. Nimepokea cheti cha shahada kutoka kwa mtu aliyevaa joho, na sikusikia hata nusu ya nilichosikia leo.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua mchana kutwa.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Redioni wametangaza tahadhari kwa wakazi wa mabondeni. Nimepiga pasi sare yangu mara mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Ukaguzi umefanyika na umefanikiwa. Ninaandika hayo kwanza kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi, nasi tukahamishia gwaride kwenye ukumbi wa shule. Wageni walichelewa. Tukiwa tunawasubiri, Chiku aliacha mstari akanijia.

"Kiongozi, naomba ruhusa. Mvua hii si ya kitoto. Nataka nikamtoe Bibi mapema."

"Wageni wako njiani, na Kongoni ndio wabeba bendera."

"Basi niende mwenyewe."

"Si uliniambia mwenyewe kwamba peke yako humuwezi?"

Nilijua kuwa nilimshinda kwa maneno yake, na ninakiri nilipendezwa na ushindi huo. Kwa hiyo nilimpa ahadi. Nilimwambia kuwa jirani yake akipiga simu, nitamwachia yeye na kikosi chake papo hapo, awepo mgeni au asiwepo. Alilitazama kapu, akanitazama mimi, akarudi mstarini.

Bi Candida alifika, akakagua, akahutubia. Alisema hajaona nidhamu ya namna hii katika makundi ya katikati ya jiji. Skafu mpya zilivutia sana, ijapokuwa za waliokuja na mvua zilianza kutoa rangi shingoni.

Baada ya wageni kuondoka, taarifa zilifika kwamba maji yamepanda Jangwani na barabara imefungwa. Chiku na wenzake walichukua simu zao wakakimbia. Bibi Swaumu alijaribu kutoka peke yake, akaanguka kwenye ile ngazi ya uani. Vijana wa bodaboda ndio waliomtoa majini. Yu hospitalini.

Ni bahati mbaya. Maji hayana ratiba.

Jumapili, 4 Mei

Jana kuna jambo sikuliandika.

Simu ya Chiku ilitetemeka kapuni. Bi Candida alikuwa katikati ya hotuba yake, akizungumzia uaminifu, na ule mtetemo ulisikika juu ya sakafu kama mbu aliyenaswa. Niliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nililiona jina la Mama Klara waziwazi kwenye kioo. Niliizima sauti, nikaisukuma chini ya simu nyingine. Ilipowaka tena sikuinama.

Nilijiambia nitamwachia hotuba ikiisha. Hotuba ilipoisha kulikuwa na picha za pamoja. Baada ya picha Bi Candida aliniuliza nilisoma wapi, nami nikamjibu kwa kirefu.

Leo nimekwenda hospitali na machungwa. Bibi alikuwa amelala, mkono wake wa kulia umefungwa hogo la plasta kutoka kwenye kiganja hadi juu ya kiwiko. Mjomba wake Chiku, Mzee Mwinyimvua, ambaye ni mchuuzi wa samaki pale Feri, alikuwa kando ya kitanda, na buti zake za mpira bado zina magamba. Alikuwa akimsema Chiku bila hata kupaza sauti.

"Mama yangu amekaa kwenye maji akikuita wewe. Wewe uko wapi? Unacheza gwaride. Mama Klara amekupigia na kukupigia. Simu ulinunuliwa ya nini?"

"Sikuisikia, Mjomba," Chiku alisema.

Alikuwa amesimama mkabala nami. Shingoni bado alikuwa na alama ya kijani ya skafu yangu, imegoma kutoka kwa sabuni. Simu yake ilimwonyesha kila kitu: nani alipiga, na lini. Na kapu lilikuwa miguuni pa nani, hilo halihitaji kuonyeshwa. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeuliza swali na sasa anasubiri.

Mzee Mwinyimvua alinishukuru kwa machungwa. "Nyie mnajitahidi kuwafundisha," aliniambia. "Mtoto asiposikia, mwalimu afanyeje?"

Nami nikasema, "Tumwombee Bibi, Mzee." Hayo ndiyo maneno niliyochagua.

Jumanne, 6 Mei

Mvua.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Baba ameniuliza mbona sili.

Jumamosi, 10 Mei

Baraza lilikaa na mimi nilialikwa kusikiliza. Kikosi cha Kongoni kimegawanyika. Rogath, ambaye hana ubaya na mtu, alizungumza kwa taabu.

"Chiku, wewe ni mshikaji wangu. Lakini wanakikosi wako wanasema walikuwa tayari, wangekwenda. Walikuwa wanasubiri neno lako, hukusema kitu. Sasa wanauliza, kama bibi yake mwenyewe alimwacha kwa ajili ya bendera, sisi siku yetu itakuwaje?"

"Ni haki yao kuuliza," Chiku alisema.

"Sasa tujibu! Uliomba ruhusa au hukuomba?"

Nilimsikia muuza mashuka akitaja bei. Neno langu moja lingetosha. Nilifungua kinywa na nikasema kuwa baraza lisimsukume mwenzao aliye katika majonzi.

Wakanisifu kwa busara hiyo. Hata Rogath aliinamisha kichwa.

Chiku alikifungua kibendera cha Kongoni kwenye fimbo yake, akakikunja, akakiweka mezani. Kisha akaja kuniaga, akanipa mkono wa kushoto kama kawaida. Nilidhani ameamua kunisitiri. Nimetembea Mtaa wa Msimbazi mzima nikiliwaza hilo, na nimegundua kuwa kusitiriwa na mtoto wa kidato cha tatu ni kitu kizito kuliko kushtakiwa naye.

Jumatano, 14 Mei

Bi Candida amepiga simu. Nimeteuliwa kuongoza msafara wa Arusha. Nilisema asante, nikasema nimeheshimika, na nikasema maneno mengine yanayosemwa.

Baba amewagawia soda wapagazi wote wa mtaa.

Alhamisi, 15 Mei

Katika ahadi ya skauti kuna maneno haya: kwa heshima yangu. Nimewafundisha watoto kuyatamka bila kumeza silabi.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda Ilala kwa Bwana Shaibu. Bandeji zimetolewa, na nilimkuta akitazama mpira kwenye simu iliyo karibu kabisa na pua yake. Nilimweleza yote, pamoja na kamba ya kiatu. Hakuiweka simu chini hadi nilipofika kwenye kapu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Ninaomba radhi."

"Unaniomba mimi? Mimi nimevunjika mkono?"

"Wewe ndiye uliyenikabidhi kundi."

"Nasor, mimi nikikusamehe utatoka hapa umechangamka, utaenda kula chipsi. Chiku je?" Aliirudisha simu puani. "Na umenikosesha goli."

Niliona ni ukatili, kisha nikaona hakuna neno alilokosea.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nimempigia Bi Candida, nikamweleza. Nilitumaini, ninakiri, kwamba angekasirika na kuniondoa, ili adhabu ifanye kazi ambayo mimi ninaiogopa.

"Nasor," alisema, kwa upole, "hayo ni mambo ya ndani ya kundi. Kila kiongozi ana siku moja mbaya. Usiyakuze. Nafasi yako iko palepale."

Kwa hiyo ninaweza kunyamaza nikabaki na kila kitu. Hakuna atakayenilazimisha.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imepungua. Jua kidogo mchana.

Jumamosi, 24 Mei

Nimesema.

Nilimwomba Mzee Mwinyimvua aje, naye alikuja moja kwa moja kutoka Feri, hakupata nafasi hata ya kubadili nguo. Viongozi wa vikosi walikaa nyuma ya choo cha walimu. Chiku aliitwa, ingawa si mjumbe tena. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Nilipoanza utangulizi Rogath alisema, "Kiongozi, samahani, fika basi." Nikafika.

Nikasema kuwa Chiku aliomba ruhusa, nikamnyima. Nikasema kuwa nilimwahidi jirani akipiga nitamwachia. Nikasema kuwa simu iliita miguuni pangu, jina nikalisoma, nikaizima kwa mkono wangu kwa sababu mgeni alikuwa akizungumza nami nilitaka anipende. Nikasema kuwa nilikaa hospitalini na hapa barazani nikamwachia Chiku mzigo wangu.

Mzee Mwinyimvua alisimama. Nilidhani atanipiga, na sikujiandaa kujikinga. Akamgeukia mpwa wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kumvunjia duka baba yake."

"Ningekuja, ndiyo!"

"Ndiyo hivyo." Sauti yake ilianza kukatika, akaikaza. "Na mkono nilimpa mimi wa kwanza, Mjomba. Wengine walinifuata mimi. Nikasema ngoja aseme mwenyewe. Nijue nilimpa nani."

"Na kama asingesema?" Rogath aliuliza.

"Ningejua pia."

Mzee Mwinyimvua alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa kofia, akamshika mpwa wake begani.

"Tumekusikia, Kiongozi," Rogath alisema. "Sasa utupishe, tuongee."

Nilisimama uwanjani peke yangu. Waliporudi, kibendera cha Kongoni kilikuwa kwenye fimbo ya Chiku. Rogath alinieleza uamuzi kwa lugha rasmi, ambayo nahisi ameiokota kwangu. Niendelee kuja mpaka Bwana Shaibu apone, kwa sababu kuna kazi. Kapu la simu lifutwe. Kiongozi wa kikosi akiona hatari, aondoke kwanza, aeleze baadaye. Na kuhusu Arusha, baraza halina la kusema, hilo nijiulize.

Kisha wakapita mstarini. Wote walinipa mkono wa kulia.

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi nilimwandikia Bi Candida kwamba sitakwenda Arusha. Alijibu kwamba nitafakari, atanitafuta nikitulia. Baba aliuliza kama wapagazi warudishe soda. Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka, naye akanisogezea kiti akarudi kwa wateja wake.

Jioni nilikwenda Jangwani. Maji yameacha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya kizingiti. Chiku alikuwa akiusugua. Aliponiona alijifuta kiganja kwa kanga, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Karibu nyumbani, Kaka Nasor. Shikamoo."

Ni maneno yale yale ambayo angemwambia mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Sikumwelekeza aniiteje.

Bibi Swaumu alikuwa pale pale kizingitini, hogo limelala mapajani, na sinia la mchele kando, halijachambuliwa. Nilipiga goti. Nilimweleza yale niliyowaeleza wengine, bila utangulizi. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameitazama ile ngazi.

"Niliita mpaka sauti ikakauka," alisema. "Nikasema huyu mtoto leo vipi, haji kunipeleka harusini?"

Nilimwambia, "Shikamoo, Bibi," nikanyoosha mkono wangu wa kulia kwa mazoea, kabla sijafikiri. Ukabaki hewani mbele ya lile hogo.

Bibi aliutazama. Chiku aliacha kusugua.

"Marahaba," Bibi alisema. Polepole akautoa wa kushoto chini ya kanga, ule ambao amewachapa wajukuu kwa sababu yake maisha yake yote, akauleta mbele yangu. "Haya, shika huu. Ndio uliobaki."

Niliurudisha wa kulia, nikatoa wa kushoto, nikaushika. Ulikuwa mwepesi na wa moto. Nyuma yangu nilisikia brashi ya Chiku ikianza tena ukutani.

Baadaye nililivuta sinia la mchele, nikaanza kuchambua.